Kitanda cha Leba Huchaguliwa na Watu Wangapi?

Usiku mmoja wa Julai, saa saba na ushei, jirani yangu wa mlango wa nne alinigongea. Tunaishi ploti moja Kayole, ghorofa ya tatu, milango minane inayotazamana kwenye koridori nyembamba. Alikuwa amejifunga leso kifuani, mkono mmoja kiunoni na mwingine ukutani, miguu imelowa. Chupa ilikuwa imepasuka. "Jirani, saa imefika," aliniambia, "na baba watoto yuko kazini."

Mkoba wake ulikuwa tayari tangu mimba ilipofika miezi minane: pamba, glavu, pedi kubwa, beseni, leso mbili, nguo za mtoto, na kile kijitabu cha kliniki kimefungwa ndani ya plastiki kisilowe. Kilichokuwa hakiko tayari ni geti. Geti letu hufungwa saa tano usiku kwa sababu ya wezi, na ufunguo hulala na keateka, msimamizi wa ploti, ambaye usiku huo alikuwa amezima simu. Tulimgongea dakika ishirini nzima. Mwendesha boda boda wa kwanza alifika, akamtazama mama alivyojikunja, akasema hawezi kumbeba mtu atakayezalia juu ya pikipiki. Wa pili aliitisha elfu moja, na pesa za safari zilikuwa kwenye simu ya mume, huko Viwandani alikokuwa zamu ya usiku.

Kwa miezi mitano mpango ulikuwa Pumwani, hospitali kubwa ya uzazi ya umma. Mtoto alizaliwa katika kliniki ndogo ya kibinafsi iliyo karibu hatua mia tatu kutoka getini kwetu. Nesi wa zamu alikuwa mmoja, mwanamke wa makamo mwenye sweta ya bluu juu ya sare. Baada ya mtoto kulia, damu ilizidi kidogo. Nilimwona akimdunga sindano pajani, akimkanda tumbo kwa nguvu huku akihesabu pamba zilizolowa kwa sauti, moja baada ya nyingine, mpaka zikaacha kuongezeka. Damu ilikata. Isingekata, nje hapakuwa na ambulensi, na teksi ya karibu ilikuwa kwenye barabara kuu ya lami.

Siku ambayo mtafiti atampitia jirani yangu na fomu yake, atajaza: alijifungulia kituo cha kibinafsi, sababu, ni karibu. Jibu hilo si uongo. Lakini ndani yake kuna keateka, kuna waendesha boda wawili, kuna nambari ya siri ya M-Pesa ambayo mke haijui, na kuna mume aliyekosa ruhusa ya msimamizi wake. Tunaposema mama "alichagua" mahali pa kujifungulia, neno hilo linabeba watu wengi kuliko yeye mwenyewe, na nadhani hapo ndipo mazungumzo yetu kuhusu uzazi Nairobi hupotea njia.

Kwa miaka mingi swali kubwa nchini lilikuwa nyumbani au hospitali. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa 2008–09 ulionyesha kuwa 43% pekee ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya. Ule wa 2014 ukapata 61%, na wa 2022 ukapata zaidi ya 80%. Hayo ni mabadiliko makubwa mno kwa muda usiofika miaka kumi na mitano, na wanawake wengi wako hai leo kwa sababu yake. Lakini ukiwa Nairobi, swali hilo la zamani halikufikishi mbali, kwa kuwa mama wa hapa amezungukwa na vituo. Kutoka kwetu Kayole ninaweza kuhesabu vibao saba vya "maternity" kabla sijafika steji. Baadhi ni hospitali kamili, vingine ni vyumba viwili juu ya duka la dawa.

Watafiti wa APHRC, kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya ambacho kimefuatilia maisha ya wakazi wa mitaa ya mabanda ya Korogocho na Viwandani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, waliliona jambo hili mapema. Wanawake wapatao 70% katika mitaa hiyo miwili walisema walijifungulia katika kituo cha afya. Vituo vyenyewe vilipokaguliwa, ilibainika kuwa ni 48% tu waliojifungulia mahali penye mhudumu mwenye ujuzi unaotakiwa. Waliobaki walikuwa wamelipa, wamelala kitandani, wameandikwa kwenye daftari, wakiamini wako hospitalini. Miaka ya 2003 hadi 2005, vifo vya akina mama katika mitaa hiyo vilikadiriwa kuwa 706 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, ndani ya mji wenye hospitali kubwa kuliko zote nchini. Takwimu hizo ni za zamani na mengi yamebadilika tangu hapo, lakini kila nikipita chini ya vile vibao saba huzikumbuka.

Kwa hiyo swali la Nairobi ni hili: kituo kipi, na kinaweza kufanya nini mambo yakiharibika?

Mfumo wetu wa afya umepangwa kwa ngazi. Zahanati ni ngazi ya pili, kituo cha afya ni ngazi ya tatu, kisha hospitali za ngazi ya nne na ya tano kama Mbagathi, Mama Lucy Kibaki na Pumwani, na juu kabisa ngazi ya sita, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Kituo cha ngazi ya tatu chenye mkunga mzuri na dawa zake kinaweza kumzalisha mama asiye na matatizo, kumdunga sindano ya kuzuia damu, kumpa dawa ya kifafa cha mimba, kutoa kondo lililokwama na kumsaidia mtoto aliyezaliwa bila kupumua. Kwa kawaida hakiwezi kufanya mambo mawili: upasuaji na kuongeza damu. Ukihitaji moja kati ya hayo, unaandikiwa rufaa.

Kitaalamu inakadiriwa kuwa uzazi kama 15 kati ya 100 hupata tatizo linalohitaji msaada wa ziada. Ugumu ni kwamba hakuna anayeweza kujua mapema ni nani kati ya wale mia. Mama mwenye vipimo vizuri kliniki zote anaweza kuanza kutokwa damu dakika kumi baada ya kujifungua, na damu ya aina hiyo inaweza kuua kwa muda wa saa mbili hivi. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini: kumwekea mama mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo ili damu ionekane ni kiasi gani, kisha kumpa tiba zote kwa pamoja bila kungoja, kulipunguza visa vibaya vya kutokwa damu kwa 60%. Mfuko wa plastiki wenye mistari! Nesi wa kliniki yetu alikuwa akihesabu pamba kwa sababu hakuwa nao.

Akina mama wa Nairobi wanalijua jambo hili la rufaa hata bila kulisoma popote. Ndiyo maana wengi hukipita kituo cha afya kilicho jirani, kilicho safi na chenye vitanda vitupu, wakaenda kupanga foleni Pumwani. Maafisa wa afya hulalamika kwamba hospitali kubwa zinajazwa na kesi ambazo zingemalizwa ngazi ya chini. Wanasema kweli. Lakini mtazame mama anavyopiga hesabu zake: nikianzia hapa mtaani na mambo yakiharibika saa nane usiku, nitatafutiwa gari, nitafika kule na karatasi, nitaanza foleni upya, na huenda kitanda kisipatikane. Kwa nini nisianzie kule kule? Mimi simuoni mjinga hata kidogo. Tabia hiyo itabadilika siku rufaa ya usiku itakapokuwa gari lenye mafuta na simu iliyopokelewa upande wa pili, wala si karatasi anayopewa mama mkononi.

Pumwani yenyewe imebeba mji huu kwa karibu miaka mia moja. Ilianza 1926, na kwa vizazi vitatu ukimuuliza mtu wa Eastlands alizaliwa wapi, jibu ni moja. Nyanya amezalia pale, mama amezalia pale, binti anapelekwa pale hata kama amehamia Kasarani. Imani ya namna hiyo hairithiwi kwa matangazo. Vilevile huchafuka kwa habari moja: Septemba 2018, gavana wa wakati huo Mike Sonko alipozuru ghafla na miili ya vichanga kupatikana ndani ya maboksi, picha zilizunguka kwenye simu za nchi nzima kabla uchunguzi wowote haujafanywa. Mjamzito aliyezitazama jioni ile hakungoja ripoti.

Kisha kuna barabara. Mwaka 1994 watafiti wawili, Thaddeus na Maine, walieleza vifo vya akina mama kwa njia ya kucheleweshwa mara tatu: kuchelewa kuamua kwenda, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Maelezo yao bado yanafundishwa vyuoni, na watu wengi husoma hilo la pili wakifikiria Turkana na kilomita za jangwa. Nairobi umbali haupimwi kwa kilomita. Unapimwa kwa saa ya siku. Safari ya kutoka Kayole hadi Pumwani saa kumi alfajiri ni fupi, saa moja asubuhi ukipitia Jogoo Road utazaa ukiwa umekwama kwenye msongamano. Usiku matatu zimepungua, teksi za programu ya simu hukataa kuingia mitaa fulani, na ambulensi haipiti kwenye vichochoro vya Mathare au Mukuru, kwa hiyo mama hubebwa au hutembezwa hadi barabarani akiwa katikati ya uchungu, kwenye giza analoogopa hata mtu asiye mjamzito.

Tuliliona hili wazi kuanzia Machi 2020, kafyu ya korona ilipowekwa kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Daktari Jemimah Kariuki, aliyekuwa akifanya kazi wodi za uzazi za Kenyatta, aliona kwamba usiku akina mama hawaji kama kawaida, na wanaofika wanafika wakiwa wamechelewa sana. Alitoa wito mtandaoni wa kuwasafirisha, na wito huo ukageuka kuwa huduma ya bure ya simu na magari iliyoitwa Wheels for Life. Kabla ya kafyu, watu walikuwa wakieleza kuzaa nyumbani kwa kutaja mila na ukosefu wa elimu. Kafyu ilitoa majibu mengine. Mila hazikuwa zimebadilika kati ya Februari na Aprili. Gari ndilo lililokosekana.

Pesa sasa. Juni 1, 2013, siku ya Madaraka, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba kujifungua katika hospitali za umma kutakuwa bure. Wodi zilifurika, na Pumwani akina mama wakalala wawili kitanda kimoja. Baadaye mpango huo ukahamia NHIF, bima ya taifa ya afya, kwa jina la Linda Mama, ukaruhusu hata baadhi ya hospitali za misheni na za kibinafsi kuhudumia akina mama kwa pesa za serikali. Uzuri wa Linda Mama ulikuwa wepesi wake: kitambulisho, kijitabu cha kliniki, basi. Hukuulizwa umelipa nini.

Oktoba 2024 NHIF iliondoka na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ikaingia, na huo wepesi ukapungua. Sasa mama hana budi kuwa amejisajili na michango yake iwe imelipwa. Aliyeajiriwa hukatwa 2.75% ya mshahara. Asiyeajiriwa hukadiriwa kipato chake kwa maswali, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, kinachotakiwa kulipwa kwa mwaka, yaani 3,600 kwa mkupuo. Kwa mama anayefua nguo za watu Umoja kwa siku, 3,600 za mara moja ni kodi ya nyumba. Bima hiyo ikiwa hai, hulipia hospitali 10,000 kwa kuzaa kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Ikiwa haiko hai, mama hujua hivyo akiwa kwenye dawati la kusajiliwa, ameinama, akingoja mfumo ufunguke kwenye kompyuta. Mwanamke asiye na kitambulisho, awe msichana wa miaka kumi na saba au mkimbizi wa Eastleigh ambaye karatasi zake zinasubiri, hukwama hata mapema zaidi.

Hata palipoandikwa bure, kuna gharama ambazo hazimo kwenye sera. Glavu na pamba umekuja nazo. Dawa fulani haipo, nenda duka lililo nje ya geti. Boda ya kwenda, teksi ya kurudi maana huwezi kumpandisha mtoto wa siku moja kwenye pikipiki. Chakula cha anayekuja kukuona. Siku mbili ambazo mume hakwenda kibaruani. Ndiyo sababu kliniki ya mtaani inayodai pesa huonekana nafuu kuliko hospitali isiyodai: pale unamfahamu mwenyewe, na anakubali ulipe nusu leo na nusu mwisho wa mwezi. Upande wa pili wa mji, hospitali kubwa za kibinafsi huvuka laki moja, na wanaoweza kwenda huko ni wale ambao mwajiri amewalipia bima. Kwao uamuzi mara nyingi hufanywa na kadi ya bima: imeandika hospitali zipi, na kikomo cha uzazi ni shilingi ngapi.

Kuna hofu nyingine ya pesa ambayo imekaa kwenye kumbukumbu za watu, nayo ni kuzuiliwa. Mama amejifungua salama, amepewa ruhusa, lakini haruhusiwi kutoka mpaka bili iishe. Mwaka 2015 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa Pumwani 2010 kwa kushindwa kulipa, akasema kuwazuilia kulivunja haki zao za kikatiba. Uamuzi ulikuwa wazi. Hata hivyo hadithi ya shangazi aliyekaa wodini wiki tatu na mtoto wake huendelea kusimuliwa kwenye mikutano ya chama cha kuweka akiba, na msichana anayeisikiliza akiwa na mimba yake ya kwanza haulizi ilikuwa mwaka gani.

Ninakuja sasa kwenye lile ambalo wanawake wenyewe hulitaja kwanza wakiwa peke yao, wakati fomu huliweka mwishoni: watanisemesha vipi? Mradi wa Heshima, ulioendeshwa na shirika la utafiti la Population Council, FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake, na chama cha wauguzi kuanzia 2011 katika vituo 13, uligundua kuwa mwanamke mmoja kati ya watano alieleza kutendewa vibaya au kudharauliwa wakati wa kujifungua. Kupigwa makofi kwenye mapaja, kutukanwa, kuachwa peke yako, kuchunguzwa mbele ya watu. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma ilimpa fidia ya shilingi milioni 2.5 mwanamke aliyejifungulia sakafuni na kudhulumiwa na wauguzi, tukio lililokuwa limerekodiwa kwa simu. Kesi hiyo ni ya magharibi, lakini nilisikia ikizungumzwa kwenye saluni hapa Kayole kana kwamba ilitokea mtaa wa pili.

Mimi mwenyewe mtoto wangu wa kwanza nilimzaa katika hospitali ya umma ambayo sitaitaja. Sikupigwa. Nilimwita sista mara tatu, na mara ya tatu aliniambia, bila kugeuka, "Mama, wakati unamtafuta huyo mtoto ulituita?" Wanawake wawili kwenye vitanda vya jirani walicheka, nadhani kwa hofu. Miaka kumi na moja imepita. Jina la daktari aliyenishona limenitoka, uzito wa mtoto nautafuta kwenye kijitabu, lakini sentensi ile naikumbuka na sauti yake. Mtoto wa pili nilimzalia hospitali ya misheni, kwa mkopo wa chama. Aliyeniuliza sababu nilimwambia ni usafi.

Nataka kuwatendea haki wauguzi pia, maana nimewaona wakifanya kazi. Muuguzi mmoja kwa akina mama kumi wenye uchungu, saa ya kumi ya zamu, dawa haipo, na kila kitanda kinamwita. Hiyo haihalalishi tusi. Inaeleza tu kwa nini semina ya tabia njema peke yake haitoshi. Chukua jambo dogo la pazia. Shirika la Afya Duniani limependekeza kila mama awe na mtu wake anayemtaka kando yake wakati wa uchungu, na kuna ushahidi mzuri kwamba husaidia. Katika leba nyingi za umma hapa mjini mume au mama mzazi haruhusiwi, na sababu inayotolewa ni kwamba vitanda vimekaribiana na hakuna pazia, kwa hiyo mwanamume wa huyu atamwona uchi mke wa yule. Ni sababu ya kweli. Pazia kwenye reli yake ndilo linaloamua kama mwanamke atakuwa na mkono wa kushika.

Hapo ndipo mkunga wa jadi anapopata nafasi yake, hata Nairobi. Wapo Kibera, wapo Mathare, wapo Kariobangi. Serikali ilishawataka waache kuzalisha na badala yake wawasindikize akina mama hospitalini, na wengi wameitikia. Anayeendelea kuitwa huitwa kwa sababu anakuja mwenyewe usiku bila kupita geti lolote, anakukanda mgongo kwa maji ya moto, hakuachi peke yako, hakufokei, na atachukua malipo ya kidogo kidogo. Kila kimoja kati ya hivyo hospitali ingeweza kukitoa. Asichoweza yeye ni damu ikizidi, na hapo upole wake hausaidii.

Wanaoamua pamoja na mama ni wengi, nami nimetaja wachache. Mume ndiye mwenye pesa. Mama mkwe ndiye mwenye kauli. Wanawake wengi wa Nairobi, hasa kwa mtoto wa kwanza, hufunga safari ya ushago, kijijini, mwezi wa mwisho, si kwa ajili ya hospitali ya huko bali kwa ajili ya wiki sita zinazofuata: nani atanipikia uji, nani atamwogesha mtoto, nani atanishikia usiku. Hospitali huchaguliwa na mahali alipo mama mzazi. Mitaa kama Eastleigh, wanawake wengi wa Kisomali huuliza kwanza kama watahudumiwa na mwanamke na kama daktari hana haraka ya kisu, na hospitali za mtaani zilizolielewa swali hilo hazikosi wateja. Msichana wa shule aliyeficha mimba hachagui chochote, yeye hukimbilia pasipo na watu wanaomfahamu.

Hofu ya kisu haiko Eastleigh peke yake. Mwaka 2014 watoto 9% nchini walizaliwa kwa upasuaji, kufikia 2022 wakawa 17%. Shirika la Afya Duniani lilieleza 2015 kwamba katika idadi ya watu kwa jumla, kupita 10% hakuonekani kupunguza vifo zaidi. Mitaani tafsiri ni fupi: hospitali za kibinafsi watakupasua wapate pesa. Ukiangalia zile 10,000 za kuzaa kwa kawaida na 30,000 za upasuaji utaelewa shaka hiyo inatoka wapi, ingawa upasuaji hugharimu zaidi kweli, na ingawa kwa mama ambaye mtoto amekaa vibaya kisu hicho ndicho uhai. Shaka hii ina madhara pande zote. Nimemfahamu mwanamke aliyeondoka hospitalini akiwa na uchungu kwa sababu daktari alitaja upasuaji, akaenda kutafuta mahali watakapomwambia asukume.

Na migomo? Madaktari waligoma siku 100 kuanzia Desemba 2016, kisha wauguzi wakagoma tangu Juni 2017 kwa karibu miezi mitano, na 2024 madaktari wakarudi barabarani kuanzia Machi hadi Mei. Mimba haisubiri makubaliano ya kurudi kazini. Mwanamke aliyekuta geti la hospitali ya umma limefungwa mara moja atatafuta kliniki ya mtaa mara ya pili hata kama hakuna mgomo.

Kuna maswali ambayo nimeanza kuwaambia wajawazito wa ploti yetu wayaulize kliniki, kwa sababu kliniki watu huenda: 98% ya wajawazito nchini huhudhuria angalau mara moja, ingawa wanaofika mara nne au zaidi ni 66%. Usiulize tu tarehe ya kujifungua. Uliza hapa usiku huwa na nani, na ni muuguzi aliyesajiliwa? Damu ikizidi mnafanya nini kwanza? Mnanipeleka hospitali gani, kwa gari la nani, na nani analilipa? SHA yangu inasoma leo, mbele yangu, kwenye kompyuta hii? Kituo kidogo kinachojibu maswali hayo bila kubabaika kinaweza kuwa chaguo zuri kabisa. Kinachokasirika ukiuliza, ondoka ukiwa bado na wiki mkononi.

Jirani yangu ana mimba ya pili sasa, miezi saba. Safari hii ameanza na watu, mkoba baadaye. Mume amemfundisha nambari ya siri ya simu. Mhudumu wa afya ya jamii wa eneo letu amempa nambari ya dereva wa gari la probox anayelala hapo chini kwa fundi viatu. Na keateka, baada ya mazungumzo marefu ambayo nusu yake niliifanya mimi, amekubali kuchonga ufunguo wa pili wa geti. Unaning'inia kwenye msumari ndani ya mlango wangu.